Hema Jepesi la Watu Watatu au Wanne: Mwongozo wa Kulichagua

Mkiwa watatu au wanne mnaotembea na mizigo mgongoni, hema ni miongoni mwa vitu vizito kuliko vyote mnavyobeba kwa pamoja. Chakula hupungua kila mlo, gesi huisha, lakini hema mliloondoka nalo siku ya kwanza ndilo mtakalorudi nalo, na likiloa huwa zito zaidi. Hata mzigo ukibebwa na mpagazi, kilo zile zile ziko juu ya mabega ya mtu. Kutafuta hema jepesi ni jambo la busara kabisa.

Tatizo huanza pale wepesi unapotangulizwa mbele ya yote. Hapo kikundi hununua hema ambalo watu watatu hawaenei, au linalovuja mvua ya kwanza inapokaza. Kulowa usiku kwenye baridi ya mita 4,000 ni hatari ya kweli, wala si usumbufu tu. Ushauri wangu ni huu: anzeni na usiku mgumu kuliko wote mnaotarajia kuukuta, mhakikishe hema linaumudu na nyote mnaenea ndani yake. Kisha ndipo mlinganishe uzito, tena uzito kwa kila kichwa.

Jueni kwanza mtalala wapi

Hakuna hema moja linalofaa kila mahali. Chukueni Mlima Kenya. Njia ya Sirimon hupita kambi ya Old Moses, kwenye mita zipatazo 3,300, kisha Shipton's, mita zipatazo 4,200, kabla ya kupanda Point Lenana yenye mita 4,985. Huko juu wingu hujikusanya mchana, alasiri hunyesha mvua, mvua ya mawe au theluji, na alfajiri baridi hushuka chini ya sifuri. Hema la huko linahitaji kitambaa cha nje kinachoteremka karibu na ardhi, fito imara, na ukuta wa ndani wenye kitambaa kingi kuliko chandarua, ili upepo usipite moja kwa moja juu ya waliolala.

Nyanda za juu za Ngorongoro zina mambo yake. Mtu anayetoka kreta ya Empakaai, akapitia Nayobi na kushuka hadi chini ya Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, hulala kwenye ukungu na baridi usiku mmoja, na siku chache baadaye hulala kwenye joto na vumbi. Udongo wa majivu ya volkano haushiki vigingi vifupi, na miiba ya migunga hutoboa sakafu nyembamba. Punda wakibeba mizigo, hema liingie kwenye mfuko mgumu, kwani kamba za kufungia husugua kitambaa chepesi hadi kikatoboka.

Usambara, kwa mfano njia ya kutoka Lushoto kwenda Mtae, adui mkubwa ni unyevunyevu. Huko mtafaidi hema linalosimamishwa tabaka la nje kwanza, au matabaka yote mawili kwa pamoja, ili sehemu ya kulala isiloe mkiwa bado mnahangaika na kamba. Mabondeni na pwani, chandarua kamili chenye zipu ni lazima kwa sababu ya malaria, kwa hiyo msishawishike na turubai tupu hata kama lina uzito mdogo sana. Na kwenye mapori yenye mbung'o epukeni hema la buluu au jeusi. Rangi hizo huwavuta, ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi.

Angalieni pia kalenda. Mkitembea wakati wa masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba, nunueni hema la mvua hata kama muuzaji anawasifia la kiangazi.

Msiiamini namba ya kwenye lebo, pimeni

Hema likiandikwa "watu watatu", maana yake ni magodoro matatu membamba yaliyopangwa yakagusana. Godoro la safari la kawaida lina upana wa sentimita 51 na urefu wa 183. Matatu yanakula sentimita 153. Mahema mengi mepesi ya watu watatu yana sakafu ya upana wa kati ya 165 na 180, kwa hiyo magodoro yanaingia na nafasi ndogo inabaki. Lakini mmoja akiwa na godoro pana la sentimita 64, hesabu inafika 166, na wote watatu wakiwa nayo inafika 192. Hapo hema la watatu limekuwa la wawili.

Ulizieni upana wa upande wa miguuni pia. Ili kupunguza uzito, watengenezaji wengi huifanya sakafu iwe pana kichwani na nyembamba miguuni. Mkipenda kulala mzungu wa nne ili mabega yasibanane, hema la namna hiyo litawasumbua, maana bega la mmoja litaangukia pale palipobanwa.

Urefu nao uhesabiwe. Mtu wa sentimita 180 anahitaji sakafu ya 215 hivi au zaidi. Begi la kulalia lina unene, na kuta za hema huinama kwa ndani, kwa hiyo kwenye sakafu fupi miguu itasukuma ukuta na asubuhi begi litakuwa limeloa. Kwa kimo, mrefu kuliko wote akae juu ya godoro lake na mpime kutoka sakafuni hadi utosini. Hema liwe refu kuliko kipimo hicho pale anapokaa yeye, wala si kwenye kilele peke yake.

Njia ya uhakika ni kuchukua chaki na futi kabla ya kulipa. Choreni sakafu ya hema kwenye saruji kwa vipimo vyake halisi, kichwani na miguuni. Tandikeni magodoro yenu, mlale wote, kila mtu na begi lake la kulalia, kwa dakika kumi. Kisha wa katikati ajaribu kutoka kana kwamba anakwenda kujisaidia usiku. Mtaona papo hapo nani anakanyagwa, bega la nani limevuka mstari, na kama kuna mahali pa kuweka tochi na chupa ya maji. Zoezi hilo halina gharama, na linasema mengi kuliko picha zote za dukani.

Kwa jumla, watu wazima watatu wa umbo la wastani wanaweza kulala kwenye hema la watatu kwa safari ya siku chache, mizigo ikikaa nje kwenye kibaraza. Wazazi wawili na mtoto mdogo watakaa humo kwa raha. Watatu wenye miili mikubwa, au wanaotaka mizigo ndani, watafute la wanne.

Wanne: hema moja au mawili?

Tuseme hema jepesi la watu wanne lina kilo 2.6. Kila mmoja anabeba gramu 650. Mahema mawili ya watu wawili yenye kilo 1.4 kila moja yanafanya kilo 2.8, yaani gramu 700 kwa mtu. Tofauti ni gramu 50, na kwa gramu hizo mnapata mengi. Kuna milango zaidi, viwanja viwili vidogo ni rahisi kuvipata kwenye mteremko kuliko kimoja kikubwa, anayekoroma anatengwa, na moja likichanika mnalo jingine la kujibanza hadi kupambazuke. Hema dogo pia ni fupi, hivyo upepo haulishiki sana.

Hema moja la wanne ni bora mkiwa familia yenye watoto wasiopaswa kulala peke yao, au mkitaka kukaa pamoja mvua inaponyesha mchana kutwa. Kwa marafiki wanne wazima, chaguo langu ni mahema mawili. Kwa watatu, moja la watatu hushinda karibu kila mara, kwa sababu mkichukua mawili, mmoja wenu anabeba hema zima peke yake.

Uzito unaoandikwa na uzito mtakaoubeba

Mara nyingi hema huwa na namba mbili za uzito. Ya kwanza huhesabu tabaka la ndani, tabaka la nje na fito tu. Ya pili hujumlisha vigingi, kamba, mifuko na vyote vilivyomo. Linganisheni kwa ile ya pili, kwa sababu vigingi na kamba hamviachi nyumbani. Vigingi 12 vya gramu 15 tayari ni gramu 180, kabla hamjagusa turubai la chini. Hema likifika mikononi mwenu, lipimeni wenyewe kwa mizani.

Kipimo ninachopendekeza ni hiki. Chini ya gramu 700 kwa kila mtu ni wepesi mzuri wa kubeba mgongoni. Kati ya gramu 700 na kilo moja ni uzito unaobebeka bila shida kubwa, na mara nyingi ndipo hema imara la bei ya kadiri lilipo. Mahema ya kuba ya bei ya chini yenye fito za faiba hufika kilo nne au tano kwa watu watatu, na hayo yanafaa pale gari linapofika. Mkishuka chini ya gramu 450 kwa mtu, jueni kwamba mnalipa kwa pesa nyingi, kwa kitambaa chembamba sana au kwa nafasi finyu, na mara nyingine kwa yote matatu.

Kitambaa: wembamba, mvua na jua

Wembamba wa uzi hupimwa kwa denia, nayo huandikwa kwa herufi D. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Mahema mepesi sana hutumia kitambaa cha D 10 hadi 20, na yale imara zaidi D 30 hadi 40. Kwa ardhi yetu yenye miiba na changarawe ningependelea sakafu isiyopungua D 20, na chini yake kipande cha plastiki nzito ya ujenzi. Kipande hicho kikatwe kiwe kidogo kidogo kuliko sakafu pande zote. Kikichomoza nje, kitakinga maji ya mvua na kuyapeleka moja kwa moja chini ya waliolala.

Uwezo wa kuzuia maji huandikwa kwa milimita. Hema la milimita 1,500 maana yake kitambaa kimehimili uzito wa maji yaliyosimama juu yake kwa kimo cha mita moja na nusu kabla hayajapenya. Kwa tabaka la nje tafuteni 1,500 au zaidi. Kwa sakafu tafuteni zaidi ya hapo, kwa sababu goti la mtu mzima linapokandamiza ardhi iliyoloa husukuma maji kwa nguvu kuliko mvua.

Ulizieni kama ni nailoni au poliesta. Nailoni ni imara kwa uzito mdogo, ila ikiloa hunyonya maji na kulegea, kwa hiyo mtu lazima atoke usiku kukaza kamba. Poliesta hailegei hivyo, na kwa kawaida huvumilia jua vizuri zaidi. Hilo lina uzito mkubwa kwetu, maana jua la karibu na ikweta kwenye miinuko huchosha vitambaa haraka. Mkikaa kambi moja siku mbili au tatu, angusheni hema mchana au litafutieni kivuli.

Angalieni pia kilichopakwa juu ya kitambaa. Kuna wanaopaka silikoni na kuna wanaopaka poliyurethini. Silikoni haiozi kwa unyevu, lakini utepe wa mishono haushiki juu yake, hivyo huenda mkalazimika kuziba mishono wenyewe kwa gundi ya silikoni. Poliyurethini hupokea utepe wa kiwandani vizuri, ila ikihifadhiwa kwenye joto na unyevu huharibika, ikaanza kunata na kunuka. Mnaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja lijueni hilo kabla ya kulitia hema kabatini.

Matabaka mawili na jasho la hema

Watu watatu wakilala ndani ya hema lililofungwa, pumzi zao hugeuka matone kwenye kitambaa kilichopoa. Wengi hudhani hema linavuja, kumbe linatoa jasho. Hema la tabaka moja ni jepesi zaidi, lakini kwa kikundi sikushaurini mlichukue, kwa sababu kila anayejigeuza anagusa ukuta uliolowa. Hema la matabaka mawili huyaacha matone upande wa nje, na chandarua kikabaki kati yake na nyinyi.

Tafuteni hema lenye matundu ya hewa mawili, moja juu na moja chini au upande wa pili, yanayoweza kubaki wazi hata mvua ikinyesha. Kisha chagueni kiwanja kwa akili. Penye mwinuko kidogo juu ya bonde, mbali kidogo na mto, na chini ya miti isiyo na matawi makavu, jasho hupungua sana.

Fito, vigingi na upepo

Fito za aluminiamu ndizo za kutegemea. Zikizidiwa hupinda kwanza, na mnaweza kuzinyoosha au kuzivika kipande cha bomba kinachouzwa pamoja na hema. Fito za faiba ni nzito na zikivunjika huchanika vipande vyenye ncha vinavyotoboa kitambaa. Za kaboni ni nyepesi sana, ila huvunjika ghafla.

Yako mahema yanayosimama yenyewe kwa fito zinazopishana, na yako yanayosimamishwa kwa fimbo za kutembelea na kushikiliwa na vigingi. Aina ya pili huokoa uzito mwingi kama tayari mnatembea na fimbo. Lakini hutegemea vigingi kabisa, na penye mwamba au majivu ya Lengai mtalazimika kufunga kamba kwenye mawe makubwa. Kikundi kinachoanza kichukue linalosimama lenyewe. Ni rahisi kulisogeza mkigundua mmelala juu ya jiwe, na likisimamishwa usiku na watu waliochoka halina masharti mengi.

Hata hilo lifungwe kamba zote za upepo. Upande mfupi au mwembamba uelekezwe upepo unakotoka, na mlango uwe kinyume chake.

Milango na vibaraza

Kwa watu watatu, milango miwili ina thamani kubwa kuliko gramu zake. Kila wa pembeni hutoka bila kumruka mwenzake, na wa katikati anachagua upande. Kila mlango uwe na kibaraza cha kutosha mabegi na viatu, kwa sababu kwenye mahema mepesi mizigo haina nafasi ndani.

Msipike ndani ya hema. Jiko la gesi au mafuta hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na kitambaa chepesi hushika moto na kuyeyuka kwa sekunde chache. Kama mvua inawalazimisha, pikeni nje chini ya turubai dogo lililo mbali na hema. Palipo na wanyama, chakula nacho kisilale ndani pamoja nanyi.

La mtumba au la kukodi

Hema jipya jepesi ni ghali, na la mtumba linaweza kuwa zuri sana mkilikagua bila haraka. Lifungueni lote palepale sokoni. Linuseni, kwa sababu harufu kali ya uvundo au kama ya matapishi ni dalili ya upako uliooza. Pitisheni kiganja upande wa ndani wa kitambaa: kikinata, liacheni. Fuateni mishono yote kwa macho mkitafuta utepe unaobanduka. Fungueni na kufunga kila zipu mara kadhaa, maana zipu iliyochoka hufungwa, kisha huachia tena nyuma ya kishikio. Vuteni fito mwone kama uzi wa ndani bado unazirudisha, na mkague ncha kama zina ufa. Jueni pia kwamba kitambaa kilichopauka kwa jua kinaweza kuchanika kwa kuvutwa kidogo tu.

Kukodi ni njia nzuri ya kujifunza kabla ya kununua. Moshi, Arusha na Nanyuki kuna wanaokodisha vifaa vya mlima. Lisimamisheni mbele ya mwenye duka kabla hamjaondoka, mkihesabu vigingi pamoja naye.

Lijaribuni, mgawane, mlitunze

Kabla ya safari, lisimamisheni uwanjani mara mbili, mara moja mchana na mara moja gizani kwa tochi. Kisha limwagieni maji kwa ndoo au mpira kwa robo saa, mtu mmoja akiwa ndani anatazama mishono na pembe za sakafu. Kasoro iliyoonekana nyumbani inazibwa. Ikionekana Shipton's, mtaivumilia usiku kucha.

Njiani, mmoja abebe tabaka la nje, wa pili tabaka la ndani, wa tatu fito na vigingi. Tabaka la nje lililoloa lifungwe nje ya begi, lisigusane na mabegi ya kulalia. Lakini penye hatari ya kupotezana, kwa mfano kwenye ukungu mzito, msitawanyike kabisa, maana hema likigawanywa kwa watu walioachana si hema tena. Mkirudi nyumbani, likausheni kivulini na mlihifadhi likiwa limelegea kwenye mfuko mpana unaopitisha hewa.

Pesa zikiwa chache

Kama bajeti hailingani na orodha yote hii, fuateni mpangilio huu. Kwanza tabaka la nje na mishono isiyopitisha maji. Pili fito za aluminiamu. Tatu sakafu ambayo nyote mnaenea kwa kipimo cha chaki. Nne mlango wa pili. Vingine, kama mifuko ya ndani, rangi ya kuvutia na gramu chache za mwisho, viacheni bila majuto.

Hema imara likizidi lile jepesi zaidi kwa gramu 300, katika kikundi cha watatu ni gramu 100 kwa kila mmoja, chini ya nusu ya kikombe cha maji. Zibebeni. Kwa gramu hizo mnanunua usiku ambao watu watatu wamelala wakiwa wakavu na wameamka na nguvu za kuendelea.